Picha Haimwoni Mtoto

Je, kuonyesha ni kufundisha? Swali hili ni jepesi kulitamka, na mtu anaweza kulijibu upesi kwa ndiyo au hapana kisha akaendelea na shughuli zake. Lakini siku hizi, ambapo kompyuta, projekta, video na vishikwambi vinazidi kuingia madarasani, swali hili limekuwa zito, tena si kwa wataalamu wa elimu peke yao. Nionavyo mimi, ni swali la maadili, kwa sababu linahusu deni ambalo mtu mzima anadaiwa na mtoto aliyekabidhiwa kwake. Nakusudia kulitazama hapa kwa utulivu, bila kuzibeza zana hizo na bila kuzipigia magoti.

Tuanze kwa kuzitendea haki. Zana hizi, ambazo wataalamu wa lugha wameziita medianuwai, huleta pamoja maandishi, picha, sauti na mwendo, nazo hufanya mambo ambayo chaki haiwezi. Mtoto wa Kongwa ambaye hajafika pwani anaweza kuona maji yakijaa na kupwa. Mtoto wa Mtwara anaweza kuona Mlima Ol Doinyo Lengai ukifuka moshi. Mbegu ya maharage, ambayo huchukua siku kadhaa kuota, huonekana ikipasuka na kutoa mzizi kwa muda wa nusu dakika. Mwanafunzi asiyesikia husoma maneno chini ya picha, na asiyeona husikiliza kitabu ambacho asingeweza kukisoma. Mwalimu anayeyakataa haya kwa sababu tu yeye mwenyewe hakusomeshwa hivyo, anawanyima watoto haki yao. Sote tuliopita darasani tunakumbuka mchoro wa jicho uliochorwa ubaoni na mwalimu asiye na kipaji cha kuchora, jinsi ulivyofanana na yai, na jinsi tulivyounakili vivyo hivyo kwenye madaftari yetu.

Matumaini tunayoyaweka katika picha si mageni. Mwaka 1658, Comenius, mwalimu mashuhuri mzaliwa wa Moravia, alichapisha huko Nuremberg kitabu cha watoto chenye picha za vitu vya ulimwengu na majina yake. Kitabu hicho kilitumika Ulaya kwa vizazi vingi. Yafaa tukumbuke kwamba kinafunguliwa kwa mazungumzo: mwalimu anamwita mtoto aje ajifunze hekima, mtoto anauliza hekima ni nini, na mwalimu anamjibu. Comenius aliziamini picha, lakini aliziweka katikati ya watu wawili wanaozungumza.

Waliokuja baadaye walitaka zaidi. Mwaka 1913, mvumbuzi wa Marekani Thomas Edison alitabiri kwamba vitabu vingekoma kutumika shuleni, mahali pake pakachukuliwa na filamu, na kwamba mfumo wa shule ungebadilika kabisa ndani ya miaka 10. Zaidi ya miaka 100 imepita na vitabu vingalipo. Katika karne yetu hii, nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika uliotolewa mwaka 2012 haukuona dalili kwamba kompyuta hizo zilikuwa zimeinua alama za watoto hao katika hisabati na lugha. Hapa Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kwisha. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini wema wa chombo hauonekani siku ya kugawiwa, huonekana katika kipindi cha darasani, saa nne asubuhi, watoto wakiwa wameketi.

Naomba nitoe mfano wa kipindi kimoja. Miaka michache kabla ya kustaafu nilikuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo katika shule moja ya msingi. Mwanachuo mmoja, kijana mwenye bidii, alikuwa na somo la sayansi, mada ikiwa mzunguko wa damu. Alikuwa ameazima kompyuta na projekta, akatundika shuka jeupe ukutani, akaonyesha filamu nzuri kwelikweli. Moyo ulidunda mbele ya macho yetu. Damu nyekundu ilitoka moyoni ikasambaa mwilini, na damu ya buluu ikarudi. Watoto walitulia kwa robo saa, jambo ambalo kila mwalimu wa darasa la sita anajua si dogo. Filamu ilipokwisha kijana aliuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyo, mwalimu!"

Kwa kuwa dakika chache zilisalia, nilimwomba ruhusa niulize swali. Nikamgeukia binti mmoja aliyeketi karibu nami. "Mwanangu, ukijikata hapa mkononi, itatoka damu ya rangi gani?" Akautazama mshipa uliojitokeza kwenye kifundo cha mkono wake, akafikiri, akajibu kwa adabu, "Inategemea, mwalimu. Nikikata mshipa huu, itatoka ya buluu." Hakuna aliyecheka. Wenzake wengi waliafiki.

Damu ya binadamu haiwi ya buluu hata siku moja. Ile inayorudi moyoni, iliyopungukiwa oksijeni, ni nyekundu iliyokoza. Rangi ya buluu ni alama tu ya wachoraji, ili mtazamaji asichanganye vena na ateri. Anayelijua somo huisoma kama alama, na mtoto huipokea kama damu yenyewe. Binti yule alikuwa ametazama kwa makini kuliko wengi, na jibu lake lilikuwa na mantiki kamili, kwani hata mshipa wa mkononi mwake ulionekana kama wa buluu. Kama asingeulizwa, angelibeba jibu hilo mpaka utu uzima.

Kijana yule hakuvunjika moyo. Kipindi kilichofuata alipitia buchani akanunua moyo wa mbuzi, akaupasua mbele ya watoto, nao wakapokezana kuugusa. Waliona vyumba vinne. Waligundua wenyewe kwamba ukuta wa upande wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, na mmoja akauliza kwa nini. Ndipo akaiwasha tena filamu ileile, safari hii akiisimamisha kila baada ya muda mfupi na kuwauliza, "Hapa damu inakwenda wapi? Rangi hii imewekwa kwa nini?" Filamu haikubadilika hata kidogo. Mara ya kwanza mwalimu alikuwa akitazama filamu pamoja na watoto, na mara ya pili alikuwa akiwatazama watoto.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema. Picha huonwa na mtoto, lakini picha haimwoni mtoto. Haijui ni nani amesinzia, ni nani amekunja uso, ni nani ameelewa kinyume na bado anatabasamu. Tena kadiri picha inavyokuwa nzuri, ndivyo inavyompa mtazamaji hisia kwamba amekwisha kujua. Mchoro mbaya wa ubaoni angalau ulituacha na wasiwasi, na wasiwasi huzaa maswali. Filamu nzuri hutushibisha kabla hatujala.

Mwanafalsafa wa Kiyunani, Plato, aliliona jambo linalokaribiana na hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Katika mazungumzo yaitwayo Phaedrus, anamwonyesha Sokrate akiyalinganisha maandishi na michoro: vyote viwili husimama kama vilivyo hai, lakini ukiviuliza swali hukaa kimya. Maandishi hayakuliua fikra kama ilivyohofiwa, na sisi tunamfahamu Plato kwa sababu yaliandikwa. Hata hivyo onyo lake lilikuwa na ukweli ndani yake. Kinachosema bila kuweza kuulizwa huhitaji mtu wa kusimama kando yake.

Najua msomaji kijana atanijibu, "Mzee, hayo yalikuwa zamani. Siku hizi zipo programu za akili mnemba ambazo ukiziuliza zinajibu, tena bila kuchoka wala kukaripia." Ni kweli, na kwa mtoto mwenye haya hiyo ni neema. Lakini tumrudie binti yule. Angeuliza nini? Yeye hakuwa na swali. Aliamini kwamba anajua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nao walisema kweli, lakini kabla ya kuuliza mtu hana budi kushuku kwamba kuna asilolijua. Kazi ngumu ya mwalimu ni kumfikisha mtoto kwenye shaka hiyo, na hufanya hivyo kwa kumjua mtoto mwenyewe: anatoka wapi, jana alikosea nini, anaposema ndiyo huwa ana maana gani. Chombo kinaweza kumsaidia mwalimu katika kazi hiyo. Kinaweza kuwapa wanafunzi majaribio na kusahihisha upesi. Lakini lazima awepo mtu anayejali kwamba majibu yale ni ya mtoto fulani.

Lipo pingamizi jingine ambalo ni zito zaidi, na ningekuwa mnafiki kulipita. Katika madarasa yetu mengi wamo watoto 80, 100 na zaidi. Mwalimu mmoja hawezi kuwatazama wote hata akitaka. Basi kwa nini tusimchukue mwalimu hodari kupita wote nchini, tukamrekodi, tukawapelekea watoto wote? Historia yetu wenyewe inatusaidia kujibu. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyotumia chombo cha kisasa cha wakati ule, yaani redio. Sauti moja ilisikika nchi nzima kwa majuma 12, na watu wanaokaribia milioni 2 walishiriki. Lakini waliobuni kampeni ile hawakuiachia redio peke yake. Waliandaa vijitabu, wakafunza viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na kila kipindi kilipokwisha wanakikundi walibaki chini ya mti au darasani wakijadili: kwetu hapa maji yanatoka wapi, choo cha nani hakijachimbwa, tutaanza lini. Vyoo vilichimbwa kwa sababu baada ya sauti kunyamaza, watu walitazamana.

Kwa hiyo kwa darasa la watoto 100 jibu langu ni kwamba video iletwe, ili mwalimu aliyeachiliwa kazi ya kueleza apite kati ya madawati na kutazama madaftari. Akifanya hivyo amepata msaidizi. Akiiwasha na kwenda ofisini, darasa limepoteza hata kile kidogo lililokuwa nacho. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni, navyo vilisaidia. Lakini wazazi wengi walitambua wakati ule kwamba mtoto anahitaji pia mtu wa kumwambia, "Hebu lete nione ulichoandika."

Kinachonitia hofu hasa ni suala la haki. Mtoto wa mwenye nacho, akipewa kishikwambi, hupewa kama nyongeza. Nyuma yake wapo walimu wa kutosha, darasa dogo, na mzazi aliyesoma. Mtoto wa maskini aweza kupewa chombo kilekile kama badala ya mwalimu, kwa hoja kwamba chombo ni nafuu kuliko mshahara. Kwenye makaratasi watoto hawa wawili watahesabiwa kuwa sawa, kwa kuwa kila mmoja ana kishikwambi chake, hali mmoja anaonwa na mwingine haonwi. Ikitokea hivyo, tutakuwa tumetumia maendeleo kuficha upungufu wetu, na watakaolipa ni wale ambao hawana wa kuwasemea.

Mwalimu kijana anayesoma kurasa hizi asidhani namwambia aache zana. Azitafute, azijue vizuri, azijaribu kabla ya kuingia darasani, wala asione haya kuazima. Lakini kipindi kinapokwisha ajiulize maswali mawili kabla hajafuta ubao au kuzima mashine. Leo nimemwona nani akielewa? Na ni nani ambaye sikumwona kabisa? Akiweza kutaja majina, amefundisha, awe ametumia filamu au kijiti cha kuchorea mchangani. Asipoweza kutaja hata jina moja, basi ameonyesha tu, na kesho aanzie hapo, kwa mtoto ambaye hakumwona.