Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Na Mgeni Akiugua Je?

Methali hii hakuna asiyeijua: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaisema mlangoni, huku tukipokea mzigo wa mgeni na kumtandikia mkeka. Maana yake ni wazi, kwamba siku ya mgeni kuku huchinjwa, na wenyeji waliokula mboga wiki nzima nao hupata mchuzi. Lakini methali yatuonyesha upande mmoja tu. Yanena habari ya kupona kwa mwenyeji, wala haineni neno juu ya kuugua kwa mgeni. Na mgeni huugua. Mtu aliyehama kwao akakaa nchi nyingine, mara nyingi huona kwamba mwaka wake wa kwanza una maradhi mengi kuliko miaka mitano aliyokaa kwao. Basi twataka kuuliza: ugonjwa wa mgeni ni wa nani? Je, ni wake peke yake, auvumilie hata azoee, au ni wa wenyeji pia?

Swali hili hatukulipata vitabuni. Lilitujia nyumbani kwetu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha upande wa Muheza, katika nchi ya Tanga, ndiko tulikozaliwa. Akaja kijana mmoja kutoka Pemba, umri wake miaka kumi na tisa, kutafuta kazi ya kuchuma machungwa. Tukampa chumba cha uani. Wiki ya tatu akashikwa na baridi, akatetemeka, kichwa kikamwuma, akatapika. Tukamwambia, "Utazoea. Sisi sote huku tumekua na homa hii." Hatukusema kwa ubaya, maana kwetu ndivyo ilivyokuwa: mtu hulala siku moja, hutoka jasho, kesho yake huenda shambani. Siku ya pili kijana akasema, "Mwalimu, homa hii siijui." Tukampa chai ya tangawizi, tukaenda zetu shuleni. Siku ya nne tulimkuta anasema maneno yasiyo na maana, na macho yake yamekuwa ya manjano. Ndipo tulipombeba hata hospitali, akalazwa siku tisa. Alipona, twamshukuru Mungu. Lakini daktari alituuliza neno ambalo hatujalisahau: "Mlikuwa mkingoja nini?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tukingoja azoee.

Tangu siku ile tumelipima sana neno hili, utazoea. Si neno la uongo, bali ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kumwua mtu.

Kweli iliyomo ni hii. Mwili hujifunza. Mtoto aliyezaliwa mahali penye mbu wengi wa malaria huugua mara nyingi utotoni. Baadhi yao hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Anayevuka hapo, mwili wake umejifunza vita. Vijidudu vyaweza kumwingia, lakini mwili wake wajua kupigana navyo, hata homa ambayo ingemwua mgeni humlaza yeye siku moja au mbili. Tena elimu hii ya mwili si ya milele. Mtu akikaa miaka michache mahali pasipo na ugonjwa ule, kinga yake hupungua, na akirudi kwao huweza kuugua kama mgeni.

Sasa tumtazame kijana wetu. Babu yake angalivuka bahari kuja Muheza katika miaka ya 1970, pengine angaliugua kama sisi tu, kwa sababu siku zile Pemba ilikuwa na malaria nyingi. Lakini mwaka 2003 dawa mseto zilianza kutolewa Unguja na Pemba, na mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa na upigaji wa dawa majumbani vikaenezwa. Ilipofika mwaka 2008 hivi, walioonekana na vijidudu vya malaria damuni walikuwa pungufu ya mmoja katika kila watu 100. Kijana yule alikua katika amani hiyo. Mwili wake haukupata kufundishwa, kwa maana adui hakuwapo. Kwa hiyo kupona kwa kisiwa chake ndiko kulikomfanya awe mgeni mbele ya homa yetu.

Je, tusikitike kwamba Pemba imepona? Hasha! Hakuna mzazi mwenye akili atakayenunua nguvu ya mtoto mmoja kwa makaburi ya ndugu zake. Lakini yatupasa kujua kwamba aliyeokolewa na ugonjwa kwao anahitaji ulinzi zaidi atokapo. Tusimcheke kwa kuwa hana kovu tulilo nalo sisi.

Wageni wa zamani nao walijifunza jambo hili kwa machozi. Bwana Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 kuanza kazi ya kuhubiri. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kumzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Askofu Mackenzie alikufa kwa homa karibu na mto Shire tarehe 31 Januari 1862, baada ya mtumbwi kujaa maji na dawa zao kupotea mtoni. Watu wa siku zile walidhani homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Hata jina malaria ni maneno ya Kiitalia yenye maana ya hewa mbaya. Ni mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, daktari katika India, alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Kabla ya hapo wageni walisema, "Nchi hii ni mbaya," na wenyeji walisema, "Watu hawa ni dhaifu." Pande zote mbili zilikosea. Nchi haikuwa na chuki, wala watu hawakuwa dhaifu.

Lakini hao makaburi yao yana majina. Tukumbuke na wengine. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Watu wengi waliokuwa watumwa, waliotolewa mbali bara, hata pande za Nyasa, waliletwa kufanya kazi katika mashamba yale, mpaka sheria ya mwaka 1897 ilipoanza kuwafungulia mlango. Nao walikuwa wageni. Nao waliugua katika nchi wasiyoijua, kwa chakula wasichokizoea, na huzuni moyoni. Ni nani aliyewaandika? Tena, ilipojengwa reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, tangu 1896 hata 1901, watu zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India. Kiasi cha 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao kwa ugonjwa au kuumia.

Hapa twaona nusu ya pili ya kweli. Mgeni haugui kwa mbu tu. Huugua kwa kulala vibaya, kwa maji asiyoyajua, kwa kazi nzito kabla mwili haujatulia, na kwa upweke unaomnyima hamu ya kula. Mwili hujifunza, naam, lakini hujifunza kama mtoto wa shule: apewe muda, chakula na mwalimu mwenye subira. Ndugu zetu waendao Oman na nchi za Ghuba waweza kushuhudia. Mwili hupata kuzoea joto kali kwa muda wa wiki moja au mbili, kama kazi ikiongezwa kidogo kidogo. Na wengi wanaokufa kwa joto kazini hufa katika siku za kwanza. Kwa hiyo sheria ya Oman hukataza kazi ya juani saa za adhuhuri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Sheria hiyo haimwambii mtu utazoea na kumwacha. Yampa kivuli ili apate kuzoea.

Twajua kwamba wako watakaotujibu. Mmoja atasema, "Mgeni akiugua Pemba, amerogwa, kisiwa hiki kina watu wake." Tumesikia maneno haya bara na visiwani. Lakini tazameni matunda yake: mgonjwa huwakimbia wale wale ambao wangempikia uji, nao wenyeji, wakisikia wanashukiwa, huufunga mlango. Siku za kutibu ugonjwa huisha katika kutafuta mchawi.

Mwingine atasema, "Mgeni ndiye aletaye maradhi." Huyu ana haki ya kujibiwa vizuri, kwa maana pengine asema kweli. Msafiri arudiye Pemba kutoka bara aweza kuwa na vijidudu vya malaria damuni, na mbu wa kisiwani wakimwuma, humpa jirani. Tena historia yatuonya. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 hata 1968 nyumba za Unguja na Pemba zilipigwa dawa ya mbu, na malaria ikapungua sana; kazi ilipokoma, ikarudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu huzibwa kwa nini? Kwa kumtukana msafiri? Mtu anayeogopa aibu huficha homa yake, na homa iliyofichwa ndiyo ienezayo. Dawa ni kupima damu bila kumnyoshea mtu kidole. Hata katika nchi za Ulaya ni hivyo. Kifua kikuu mara nyingi huwa kimelala ndani ya mtu miaka mingi, huamka katika miaka yake ya kwanza ugenini, na maisha magumu huzidi kukiamsha. Wenyeji humwona kama aliyebeba uchafu, kumbe yeye mwenyewe hakujua kwamba alikuwa nacho.

Sasa twarudi kwetu. Baada ya mambo yale tulihamia Pemba kufundisha, nasi tukawa wageni. Miezi minne ya kwanza tuliugua mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa tumbo la kuhara, mara ya pili mafua na kikohozi tulichoambukizwa na watoto darasani, na mara ya tatu tumbo tena. Tuliona haya kwa kuwa tulijidhania wenye nguvu. Mara ya tatu mlango ulibishwa asubuhi, na mbele yetu alisimama mama wa kijana yule, amefunika bakuli la uji kwa kawa. Hatukuwa tumemweleza mtu yeyote habari zetu. Akakaa, akatuchanganyia maji na chumvi na sukari, akatuuliza kama maji ya kunywa tunayachemsha. Tukasema hapana. Hakutucheka.

Tukaona ya kwamba yatupasa kuungama. Tukasema, "Mama, mwanao alipougua kwetu, sisi tulikawia." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Aliniambia, Mwalimu. Aliniambia pia kwamba ninyi ndio mliombeba." Kisha akaondoka, jioni akaja tena. Hakusema kwamba hatukukosa. Alitukumbuka kwa yote mawili, la kukawia na la kubeba, na juu ya yote mawili akaleta uji.

Basi tumepata jibu letu. Ugonjwa wa mgeni ni wa wawili. Yako yampasayo mgeni mwenyewe: aulize ya nchi kabla hajaugua, alale ndani ya chandarua aendapo penye mbu, aseme mapema akisikia homa, apimwe damu arudipo kwao, wala asiwatukane wenyeji kwamba maji yao ni sumu. Na yako yampasayo mwenyeji: amfundishe mgeni yale ambayo yeye huyafanya bila kuyafikiri, asipime homa ya mwenzake kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe, na asimngoje mgonjwa asiye na ndugu hata aombe. Anayemwita mtu kwa ajili ya kazi zake anadaiwa zaidi, kwa maana amemtoa penye mama yake na mkewe akamweka penye shoka na jembe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni sawa, lakini mtazame kwanza kama aweza kusimama.

Nasi Wakristo tumesikia mara nyingi mafundisho ya Bwana wetu juu ya siku ya hukumu, jinsi alivyowataja mgeni na mgonjwa katika orodha moja. Twawahesabu kuwa watu wawili. Mara nyingi ni mtu mmoja, naye amelala katika chumba cha uani.

Tangu sasa, wasomaji wetu, mgeni wenu akiwaambia kwamba mwili hauna raha, mwambieni kwa moyo, "Utazoea," maana ni neno jema la kutia nguvu. Lakini mlisemapo, muwe mmekwisha kuvaa viatu vya kumpeleka hospitali. Hapo ndipo methali yetu itakapotimia pande zote mbili: mgeni aje, mwenyeji apone, naye mwenyeji awepo, mgeni apone.