Mgonjwa mmoja, matabibu wasiosemezana

Familia nyingi za Afrika Mashariki zikipatwa na mgonjwa wa akili, hospitali haiwi kituo cha kwanza. Huanza kwa mganga, kwa shehe anayesoma dua na kuandika kombe, au kwa mchungaji wa maombezi. Hospitali huja baadaye, na hata ikishakuja, safari za kwa mganga hazikomi. Daktari Catherine Abbo wa Chuo Kikuu cha Makerere alipowafuatilia wagonjwa wenye maradhi makali ya akili waliokuwa mikononi mwa waganga katika wilaya za Jinja na Iganga, mashariki mwa Uganda, alikuta zaidi ya asilimia 80 yao wanatumia pia tiba ya hospitali. Kwa hiyo mjadala wa kama tiba ya asili ichanganywe na tiba ya kisasa umechelewa. Wagonjwa wamekwisha kuzichanganya. Kilichobaki ni kuamua kama mchanganyiko huo uendelee kwa siri au ufanyike mbele ya macho ya wote wanaohusika. Ninashikilia kwamba ufanyike hadharani, kwa sababu hadharani tu ndipo heshima kwa mila na usalama wa mgonjwa vinapoweza kukaa pamoja.

Siri hiyo ina gharama. Mgonjwa anameza vidonge vya hospitali asubuhi na dawa ya mizizi jioni, na hakuna anayejua vinafanyiana nini mwilini mwake. Mganga akimwambia aache vidonge mpaka dawa yake ishike, anaviacha. Daktari akimwona amezidiwa, anamwongezea dozi akidhani ile ya kwanza haikutosha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini hapa si haki kumlaumu anayeficha. Anaficha kwa kuwa anajua atakavyofokewa hirizi ikionekana mkononi au chale mbichi kifuani. Na ukali huo haukuanza na muuguzi wa leo. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925 na ya Tanganyika ni ya 1928. Zilitungwa na wakoloni walioutazama ulimwengu wa uganga kwa jicho la polisi. Tanzania huru ilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002 na kuunda baraza la kuwasajili waganga. Hilo lilikuwa jambo jema, ila cheti cha usajili hakiwaketishi daktari na mganga kuzungumza habari za mgonjwa wao.

Tutazame kwa karibu kinachofanyika kilingeni, maana wengi wanaokidharau hawakijui. Katika uganga wa pepo wa mwambao wetu, kazi kubwa ya mganga ni kuuliza. Ubani unafukizwa, nyimbo zinaimbwa, ngoma inapigwa mpaka pepo apande kichwani kwa mgonjwa, ambaye sasa huitwa kiti. Pepo huulizwa jina lake, ametoka wapi, ana ugomvi gani na kiti chake, na anataka nini. Naye hudai: marashi, nguo ya rangi fulani, karamu, au mume aache kumdhalilisha mkewe. Ndugu wapo palepale, wanasikia, na wao ndio wanaoahidi. Mwanamke ambaye asingethubutu kumlalamikia mumewe mbele ya wakwe zake anakuwa amesikilizwa na ukoo, wala hawezi kuadhibiwa kwa maneno yaliyosemwa na pepo. Baadhi hubaki katika kundi la ngoma, wakawapokea wengine wanaougua baada yao. Hata asiyeamini pepo ataona kilichopo hapo: ugonjwa uliopewa jina, kinyongo kilichosemwa, jamaa walioshuhudia, na watu wa kumpokea anayepata nafuu. Washauri nasaha huweza kutumia miezi kuyatafuta hayo, na kliniki yenye foleni mpaka mlangoni haina muda wa kuyatoa. Sisemi kwamba ngoma inaponya skizofrenia au inazuia degedege la kifafa. Ninasema ina kitu ambacho kidonge hakina, na kidonge kina kitu ambacho ngoma haina.

Kwamba pande hizi mbili zinaweza kufanya kazi pamoja kumejulikana muda mrefu. Mwaka 1954, Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili wa Nigeria aliyesomea Uingereza, alianzisha mpango wa Aro karibu na mji wa Abeokuta. Badala ya kuwafungia wagonjwa wodini, aliwaweka katika nyumba za wanakijiji wa jirani, kila mmoja na ndugu wa kumwangalia. Walipata matibabu ya hospitali na kurudi kijijini kuishi kama watu wengine, na waganga wa Kiyoruba wakashirikishwa katika kazi hiyo. Zaidi ya miaka sitini baadaye, mwaka 2020, jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililoongozwa na Oye Gureje huko Ibadan, Nigeria, na Kumasi, Ghana, lililohusisha wagonjwa 307 wa saikosisi waliokuwa katika vituo vya waganga na vya maombi. Katika kundi moja, wahudumu wa afya waliwafuata wagonjwa hukohuko, wakatoa dawa na kupanga matunzo pamoja na wenye vituo, bila kuwataka waache ibada zao. Baada ya miezi sita, dalili za wagonjwa wa kundi hilo zilikuwa zimepungua kuliko za wenzao ambao wahudumu na waganga wao hawakushirikiana hivyo.

Lipo pingamizi zito, na halifai kupitwa harakaharaka. Ni uganga huuhuu, watasema wengine, uliozaa ramli zilizowagharimu maisha wenzetu wenye ualbino, mpaka Januari 2015 Serikali ya Tanzania ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wasio na leseni. Ni katika vituo vya maombi vya namna hii ambako shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2012 kuhusu Ghana, lilikuta watu wamefungwa minyororo kwenye miti na kunyimwa chakula kwa jina la mfungo. Yote hayo ni kweli, na anayetetea mila kwa kuyanyamazia anazidhalilisha mila zenyewe. Lakini jaribio la Gureje linatufundisha jambo hapa. Mwanzoni, asilimia 57 ya wagonjwa wa kundi la ushirikiano walikuwa wakitendewa mambo ya kuwadhuru. Baada ya miezi sita ilibaki asilimia 9. Katika kundi la pili pia ilishuka, kutoka 42 hadi 10, kwa hiyo siwezi kuupa ushirikiano sifa yote. Ninachoweza kusema ni kwamba mnyororo si kiungo cha uganga. Waganga wale waliyapunguza mambo hayo na wakabaki waganga. Waovu hustawi pale ambapo hakuna anayeingia kuangalia, na marufuku peke yake huwasogeza mbali zaidi na macho yetu.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa dini na, kwa njia yake, kwa watu wa sayansi. Muislamu ataogopa shirki, Mkristo ataogopa mizimu, na mtaalamu wa saikolojia ataogopa kuonekana anaikubali imani asiyoweza kuithibitisha. Hofu zao naziheshimu, lakini hakuna anayetakiwa kuamini. Mshauri nasaha anayemsikiliza mgonjwa akisema amerogwa hatakiwi kusema ndiyo wala hapana. Anatakiwa kuuliza ni nani anayedhaniwa, ugomvi ulianzaje, na nyumbani wanasemaje. Mgonjwa asiyetaka mganga naye asisukumwe kwake kwa kisingizio cha utamaduni. Uamuzi ni wake, na kwa mlokole au mtu wa msikitini kuheshimu mila yake kunaweza kuwa kumwita mchungaji au imamu.

Upo pia upande ambao hausikiki sana, nao ni wa waganga wenyewe. Wana sababu ya kuogopa kwamba tiba ya kisasa ikiwakaribia itakuja kuchuma na kuondoka. Mtaalamu anayehudhuria semina ya siku mbili, kisha akafukiza udi ofisini na kujitangaza kuwa anatoa tiba ya kiasili, hajaheshimu chochote. Amechukua harufu na kuacha miaka ya uanafunzi, miiko, na wajibu wa mganga kwa kijiji chake. Kushirikiana ni kumwacha mganga afanye kazi yake kwa jina lake, kumlipa anapoitwa, kumtaja palipo na ujuzi wake, na kukubali kwamba yapo asiyopaswa kuyafichua. Naye kwa upande wake akubali kuulizwa: anatumia nini, kwa nani, na afanye nini akiona mgonjwa anataka kujiua, mama amechanganyikiwa baada ya kujifungua, au mtoto anaanguka kifafa. Asiyekubali kuulizwa, awe na koti jeupe au na kibuyu, hafai kukabidhiwa mgonjwa.

Hatua za kuanzia si ghali. Fomu ya kumpokea mgonjwa wa akili iwe na swali la kama ametibiwa kwingine, na mhudumu afunzwe kuliuliza bila kukunja uso. Vyuo vya uuguzi, udaktari na ushauri nasaha vifundishe tiba za jamii zinazowazunguka kama somo, wala si kama orodha ya makosa ya washamba. Kila wilaya iwe na waganga waliosajiliwa wanaojua daktari gani wa kumpigia simu usiku, na daktari huyo naye awarudishie taarifa za mgonjwa waliyempeleka, kwa idhini ya mgonjwa. Tanga ilionyesha njia tangu miaka ya 1990, pale madaktari na waganga waliposhirikiana kuwahudumia watu wenye virusi vya Ukimwi, wakati ambapo hospitali hazikuwa na dawa za kuwapa. Kama tuliweza kuketi pamoja kwa ugonjwa ule uliotutisha kuliko yote, hatuna udhuru wa kushindwa kuketi pamoja kwa ajili ya mgonjwa wa akili.