Kanzu Ndogo ya Samweli

Mzazi mwenzangu wa Kiwira, tangu Wamoraviani wafungue misheni Rungwe mwaka 1891, nyumba nyingi hapa zimezoea sala ya jioni. Ila anayeomba ni mkubwa; mtoto huitikia amina tu.

Ili naye aombe mwenyewe, kile kipande cha khanga ya mama anacholala nacho, au mwanasesere wa matambara, usimnyang'anye. Ukimuuliza, "Una nini?" atanyamaza. Muulize, "Mwanasesere wako anaogopa nini leo?" Utasikia habari za bibi aliyezikwa, za fimbo ya shuleni. Basi mtoto amkumbatie mwanasesere wake, amweleze Mungu hayohayo, hata kwa Kinyakyusa.

Hata katika Biblia, Hana alimwacha mwanawe Samweli huko Shilo akiwa mdogo, na kila mwaka akampelekea kanzu ndogo aliyoshona mwenyewe. Naamini mtoto yule aliishika sana alipomkumbuka mama.