Nani Anasema "Ni Salama"? Akili Mnemba na Kauli ya Muuzaji



Wiki hii tuongee biashara. Wengi wenu mna kabiashara ka pembeni: karanga, ubuyu, mafuta ya alizeti, vitenge, keki za kipaimara. Na wengi siku hizi mkitaka tangazo mnaiomba simu. Unafungua ChatGPT, au unagusa kile kiduara cha Meta AI ndani ya WhatsApp, unaandika "nitengenezee tangazo", na kabla hujameza mate limeshatoka, limepambwa kwa maua na nyota. Halafu mtu anauliza: Frateri, hii ni dhambi?

Jibu fupi ni hapana. Kutumia akili mnemba hakuna dhambi, kama vile kutumia kikokotoo hakuna dhambi. Lakini nyuma ya jibu hilo kuna swali gumu zaidi. Tangazo likisema "karanga zetu ni salama", ni nani hasa aliyesema?

Twende Gulwe

Tuchukue mfano wa kufikirika: dada anayeuza karanga Gulwe, wilayani Mpwapwa. Gulwe ni kituo cha Reli ya Kati. Kwenye treni ya zamani biashara ya karanga ni ya dirishani. Abiria anainama, anachukua punje mbili, anatafuna, akiridhika anatoa hela. Zikiwa na uvundo anatema, na mazungumzo yameishia hapo. Lakini treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, madirisha yake hayafunguki. Basi dada yetu amehamia kwenye simu. Mteja wake yuko Dodoma mjini au Dar es Salaam. Anaona picha, anasoma maneno, anatuma hela, mzigo unapakiwa kwenye basi.

Ona kilichobadilika. Yule wa dirishani alionja karanga. Huyu wa kwenye simu anaonja maneno. Maneno ya muuzaji ndiyo yamekuwa mizani yake. Na Maandiko hayana utani na mizani. Mithali 11:1 inaiweka mizani ya uongo katika vitu vinavyomchukiza Mungu. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuwauzia maskini hata makapi ya ngano. Huko kwetu tunaijua lumbesa, lile gunia lililovimba kupita kipimo ili mkulima apunjwe. Wakala wa Vipimo hupambana nayo, lakini hata siku moja hawajalipeleka gunia mahakamani. Anapelekwa mtu.

Mashine haijaonja

Akili mnemba inaandikaje? Imefundishwa kwa maandishi mengi mno, na kutokana nayo inakisia neno gani lifuate jingine. Imeshakutana na matangazo mengi ya vyakula ambamo baada ya jina la bidhaa huja "asilia", "safi", "salama", "imethibitishwa". Kwa hiyo dada yetu akiomba tangazo, anaweza kuletewa kwamba karanga zake hazina sumukuvu, zina kibali, na zinasaidia wenye kisukari. Yeye hakusema hayo. Mashine nayo haijui kama ni kweli. Haijafika Gulwe, haijashika punje hata moja.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, akifuata njia ya Agostino, anafundisha kwamba uongo ni kusema kinyume na kile kilichomo akilini mwako. Kwa maana hiyo mashine haiwezi kudanganya, kwa sababu haina lolote inaloliamini. Wala haiwezi kusema ukweli kwa maana kamili, maana kusema "ni salama" ni zaidi ya kupanga herufi. Ni kujiweka dhamana: likitokea la kutokea, niulizwe mimi. Mashine haiwezi kuwekwa dhamana. Ndiyo maana waraka wa Vatikani kuhusu akili mnemba, *Antiqua et nova*, uliotolewa Januari 28, 2025, unasisitiza kwamba wajibu wa kimaadili unabaki kwa binadamu, kwa anayeiunda na anayeitumia.

Kutojua kwa starehe

Sasa hapa ndipo penye mtego mpya. Dada yetu anaweza kujitetea: "Mimi sikudanganya. Sijui kama zina sumukuvu au hazina. Ni simu ndiyo iliyoandika." Na ni kweli, hajasema kinyume na anachokijua. Ametuma tu kitu asichokijua. Mtego wenyewe ndio huo: zamani, ili uandike uongo, ilibidi kwanza uufikirie, na dhamiri ikakuchoma. Leo uongo unaletewa tayari, umepangwa vizuri, na dhamiri haijaamka.

Lakini kutojua kuna aina zake. Kuna kutojua ambako huwezi kukuepuka, na kuna kutojua kwa sababu hukujali kuuliza. Katekisimu, namba 1791, inafundisha kwamba mtu asiyejishughulisha kuutafuta ukweli anabeba lawama ya ujinga wake huo. Kutuma bila kusoma, au kusoma bila kujiuliza "hili nimelijuaje?", ni kutojua kwa starehe. Hakumtoi mtu kwenye hatia.

Na sumukuvu ninaitaja kwa makusudi. Ni sumu ya kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Huioni kwa macho, huisikii ulimini, na kupika hakuiondoi yote. Inaharibu ini. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula chakula chenye sumu hiyo. Karanga mbovu zikishasagwa kuwa siagi hakuna anayeziona tena. Kwa hiyo neno "salama" kwenye kopo la siagi ya karanga ni neno ambalo mama atalishia mtoto.

Thomas aliliona jambo hili karne ya 13. Anasema muuzaji halazimiki kwa haki kusema kila kitu. Anatoa mfano wa mtu anayeuza ngano kwa bei ya juu mahali palipo na uhaba, naye anajua kwamba ngano nyingine iko njiani. Kwa mizani ya haki halazimiki kutangaza hilo, ingawa akilisema anaonyesha fadhila kubwa zaidi. Fikiria mafuriko yamekata reli kati ya Kilosa na Gulwe, bidhaa zimepanda, na wewe unajua kesho njia inafunguliwa. Lakini kasoro iliyojificha, ambayo inaweza kumdhuru mnunuzi au kumtia hasara, hiyo muuzaji lazima aiseme. Kunyamaza juu ya bei kunaweza kuvumilika. Kunyamaza juu ya hatari hakuvumiliki, sembuse kutangaza kwamba hatari haipo wakati hujapima.

Yapi tuiachie, yapi tuyashike

Basi tufanyeje? Mimi ninagawa hivi.

Kazi za karani mpe mashine. Ikupangie mapato na matumizi, ikusaidie kutafuta bei, isahihishe barua, itafsiri ujumbe wa mteja wa Kiingereza, ikufundishe namna ya kuandika andiko la mradi kwa ajili ya ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ila hesabu zirudie mwenyewe, maana hukosea kwa kujiamini kabisa.

Ushahidi ushike mwenyewe. Usalama, uzito, mahali bidhaa ilikotoka, kibali, uwezo wa kutibu, picha ya mzigo: haya usiyakubali kutoka kwenye simu. Andika ulichokiona, ulichokipima, ulichokiuliza kwa anayejua. Picha iwe ya karanga zako, hata kama turubai lina kiraka. Na ushuhuda wa mteja asiyekuwepo, uliotungwa na mashine, ni ushuhuda wa uongo. Amri ya nane haijabadilika.

Ya watu waachie watu. Usipige picha daftari la madeni, lenye majina na namba za wateja, ukalimwaga humo ili likupangiwe. Waliandikwa kwako kwa kuaminiana, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hata nchi inasema hivyo.

"Lakini Frateri, wenzangu wote wanatia chumvi"

Najua. Na sitasema kwamba mkweli hatapoteza kitu. Kuna siku mteja atakwenda kwa yule wa maua na nyota, na siku hiyo ada ya mdogo wako itakuwa inasubiri. Maskini akishindana na wenye matangazo makubwa, majaribu yake ni makali kuliko yetu tunaokula chakula cha seminari. Papa Leo XIV, alipoeleza Mei 2025 kwa nini alichagua jina hilo, alimkumbuka Leo XIII aliyeandika *Rerum Novarum* mwaka 1891 kutetea wafanyakazi wakati wa mapinduzi ya viwanda, akasema akili mnemba nayo inaleta changamoto mpya kwa hadhi ya mtu, haki na kazi. Kanisa linajua kwamba uzito huu unawaangukia wadogo kwanza.

Hata hivyo soma tangazo hili: "Karanga za mavuno ya mwaka huu. Tumeanika juu ya turubai, si chini. Mbovu tumezitoa kwa mkono. Maabara bado hatujapima." Halina nyota. Lakini linamwambia mama yule mambo manne ya kweli, wakati "bora na salama" halimwambii hata moja. Na hakuna mashine ambayo ingeweza kulitunga, kwa sababu aliyeinama juu ya turubai lile, akichambua punje moja moja juani, ni dada yetu peke yake.

Jioni ya leo, fungua tangazo lako la mwisho. Chini ya kila sentensi jiulize: hili nimelijuaje? Ukikosa jibu, lifute.

*Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako kule Nazareti, bariki biashara zetu ndogo. Utupe macho ya kuona tunachouza, na ujasiri wa kusema tulichokiona tu. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee. Amina.*