Waraka ni Nusu ya Kuonana: Na Nusu ya Pili?

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kugombana. Ya kwanza yasema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Ya pili yasema: waraka ni nusu ya kuonana. Ile yamdharau rafiki aliye mbali, kwamba hana msaada saa ya hatari; hii yampa heshima, kwamba neno lake peke yake limekwisha kufika nusu ya njia. Darasani tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba kila methali ina mahali pake, kisha tukaendelea na somo. Katika makala haya nataka kuuliza bila ya kukwepa: mtu anayekuuliza hali wakati wa msiba, naye hana uwezo wa kukuokoa, amekutendea jambo gani? Na yeye mwenyewe, kwa kuuliza, amejitwika nini?

Swali hili sikulipata vitabuni. Lilinijia Bujumbura, usiku wa Jumapili tarehe 9 Februari 2014 kuamkia Jumatatu.

Msomaji asiyeujua mji huu yafaa aelezwe kwamba umekaa katika ukanda mwembamba baina ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mirwa. Ziwa liko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, na milima iliyo nyuma ya mji hupanda hadi kupita mita 2,000 kwa masafa mafupi tu. Mvua ikinyesha huko juu, maji hayana pa kukawia. Hushuka kwa mito ya Ntahangwa, Muha, Kanyosha na vijito vingi, yakiburura udongo na mawe, yakapita katikati ya makazi ya watu kabla ya kuingia ziwani. Sisi hatuzijui tufani za baharini ziwafikazo ndugu zetu wa pwani, lakini usiku ule mvua ilifanya kazi ya tufani. Mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama, pamoja na Gatunguru iliyo upande wa vilima, ilipigwa kuliko mingine. Watu zaidi ya 60 walikufa, na nyumba kwa mamia, nyingi zikiwa za matofali mabichi, ziliyeyuka kama sukari.

Mimi nilikuwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambao Ntahangwa hupita ubavuni mwake. Umeme ulikatika mapema. Tulikaa sote katika chumba kimoja, watoto juu ya kitanda, sisi wakubwa juu ya viti, tukisikiliza mabati na, nyuma ya mabati, ngurumo nyingine nzito zaidi, nayo ilikuwa ya mawe yanayogongana mtoni. Katika giza lile simu yangu ilianza kuwaka. Rafiki wa Kigoma aliuliza kama tumelala. Mwalimu mwenzangu wa Mombasa, ambaye sijui habari zilimfikiaje usiku ule, aliandika: “Mko wazima? Mimi silali mpaka unijibu.” Niliwajibu mmoja mmoja, nikiichunga betri kama mtu achungaye mafuta ya taa.

Nakiri kwamba jumbe zile hazikuzuia tone moja la maji. Hata hivyo sitakubali aniambiaye kwamba hazikuwa kitu. Mtu aliyekaa gizani akisubiri ukuta wake ima usimame ima uanguke huwa na hofu mbili: hofu ya kufa, na hofu ya kufa pasipo mtu kujua. Ile ya kwanza rafiki wa mbali hana dawa yake. Ya pili aliiondoa kabisa. Nilijua kwamba kama asubuhi isingenikuta, yuko mtu Mombasa ambaye angeitambua nafasi yangu kuwa tupu. Kuhesabiwa miongoni mwa watu si jambo dogo, na hapa methali ya waraka imesema kweli.

Tena tukumbuke neema tuliyo nayo kuliko waliotutangulia. Tufani iliyoipiga Unguja mwezi wa Aprili 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Waya wa telegrafu uliopitishwa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879 tu. Basi jamaa waliokuwa Ujiji, kando ya ziwa hili hili letu, hawakuwa na njia ya kupata habari ila kwa misafara, baada ya miezi kupita. Salamu zao za kuulizia hali ziliwafikia watu ambao ama wamekwisha kuzikwa ama wamekwisha kuezeka upya. Zamani salamu iliufuata msiba. Leo salamu inaukuta msiba ungali mlangoni. Na kwa kuwa inaukuta, jibu lake laweza bado kubadili jambo. Hapo ndipo mzigo unapoanza.

Kulipopambazuka, mvua ikiwa imepungua, niliwakumbuka wanafunzi wangu wa Kinama. Nilikuwa na nambari ya baba wa mmoja wao. Nikamwandikia, kama nilivyoandikiwa: “Mmeamkaje huko?” Alijibu: “Mwalimu, nyumba imekwenda na maji. Tupo nje na watoto.”

Nililisoma jibu lile mara mbili. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuandaa moyoni jibu langu kwa jibu lake, nalo lilikuwa “Alhamdulillahi.” Sikuwa na lingine. Nikaandika, “Poleni sana, Mungu awasaidie,” nikaiweka simu chini, na nikahisi kama mtu aliyetimiza wajibu. Kisha nikaendelea kuwajibu rafiki zangu wa mbali, nikiwaeleza jinsi mji ulivyoharibika. Kutoka Buyenzi hadi Kinama si safari. Hata kwa miguu mtu hufika na kurudi kabla ya jua kutua. Nilikwenda siku ya tatu, nikiwa na blanketi na kilo mbili za sukari. Baba yule alinipokea kwa heshima zote, akaniwekea tofali nikalie, kisha akasema bila ya hasira: “Mwalimu, ulipouliza, nilidhani uko njiani.”

Neno hilo halijaniacha. Nimelipima kwa miaka mingi, na sasa naona kwamba alikuwa na haki. Kuuliza ni kufungua mlango. Aliye ndani, akiuona mlango umefunguka, hutazamia kwamba aliyeufungua ataingia. Kama hukukusudia kuingia, ungeuacha.

Labda lugha yetu imetuzoeza vibaya. Tunapoamkiana twauliza “Hujambo?”, yaani, huna jambo? Swali lenyewe limekwisha kumwekea mwulizwa jibu mdomoni, naye hulitoa hata akiwa na homa: sijambo. Barua zetu za zamani zilianza vivyo hivyo: mimi ni mzima, hofu ni kwako. Sizibezi desturi hizi. Adabu ni nguo ya utu, na katika siku za kawaida yatosha. Warundi nao huamkiana “Mwaramutse?”, ambalo kwa asili yake ni neno la kuulizia kama usiku umekuvukisha salama, lakini wengi wetu hulitamka bila ya kuukumbuka usiku. Hatari inakuja siku ile usiku unapokuwa haukuvukisha kweli. Siku hiyo maneno yale yale hugeuka kuwa swali, na mwenye kuuliza hana budi kuwa tayari kwa majibu mawili, si moja.

Je, hii ina maana kwamba asiyeweza kusaidia asiulize? La hasha. Tukisema hivyo tutawanyamazisha wote walio mbali, na usiku wangu wa Buyenzi ungekuwa mweusi zaidi. Desemba 2011, bonde la Msimbazi lilipofurika Dar es Salaam, sisi tulikuwa wa mbali, na tuliulizia. Tusingeulizia tungekuwa watu wa namna gani? Nisemalo ni kwamba nusu ya pili ya kuonana hailingani kwa wote. Kwa aliye mbali, nusu hiyo ni kusikiliza jibu hadi mwisho, kutokimbilia “pole” ili kulifunga, na kuuliza tena baada ya mwezi, wakati wengine wamekwisha kusahau na aliyefikwa bado analala kwa watu. Akiwa na cha kutuma, atume. Kwa aliye karibu, nusu ya pili ni miguu yake. Hakuna kingine kitakachoifidia.

Kosa langu, kwa hiyo, halikuwa kuuliza, wala halikuwa uchache wa blanketi. Kosa langu lilikuwa kujifanya wa mbali hali ya kuwa ni wa karibu. Chombo kilichomleta rafiki wa Mombasa hadi chumbani mwangu ndicho hicho kilichonipeleka mimi mbali na Kinama. Nilimwandikia jirani kama mtu wa ng'ambo, nikatumia nusu ya waraka mahali ambapo kuonana kulikuwa kunawezekana. Tena, huyo angalau alikuwa na simu na mtu wa kumwuliza. Wangapi asubuhi ile hawakuulizwa na mtu yeyote, kwa kuwa majina yao hayakuwa katika simu ya mtu?

Mto Rusizi ulipofurika Gatumba mwezi wa Aprili 2020, baadhi yetu walimu tulikubaliana jambo moja dogo: atakayemwandikia mtu aliye mwendo wa siku moja au chini yake, aandike akiwa amevaa viatu. Hatukulitimiza kila mara. Lakini lilitupunguzia maneno, na nadhani lilituongezea hatua.

Basi zile methali mbili hazigombani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ni kweli, na kwa hiyo aliye karibu asijifiche nyuma ya fimbo ndefu. Waraka nao ni nusu ya kuonana, na wazee waliosema nusu walijua kuhesabu. Tunapowafundisha watoto wetu kuandika salamu, tuwafundishe pia kwamba nusu iliyobaki ni deni, na kwamba aliyeulizwa analingojea.