Kula na Kulisha: Nani Ashike Mwiko wa Mgonjwa?

Katika Kiswahili, neno lishe halitokani moja kwa moja na kitenzi kula. Linatokana na kulisha. Tofauti kati ya vitenzi hivi viwili ni silabi moja tu, lakini ndani ya silabi hiyo mna mtu wa pili. Anayekula aweza kuwa peke yake. Anayelishwa hawi peke yake kamwe. Mama humlisha mtoto, mwenyeji humlisha mgeni, mkulima huulisha mji. Basi tunaposema kwamba lishe bora ni kinga ya maradhi, lugha yenyewe imekwisha kutuuliza swali ambalo aghalabu halitajwi kliniki: nani anamlisha nani, na kwa dhamana gani?

Swali hili lina uzito wa pekee kwetu tunaoishi Muscat, London au miji ya Marekani, ambako kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu vimekuwa kama wageni waliohamia kabisa nyumbani. Safari ilibadilisha mengi kabla ya kubadilisha chungu. Wali uliomshibisha mtu aliyeshinda shambani au baharini, leo huliwa na mwanawe aliyeshinda garini na ofisini. Sombe na ugali wa muhogo wa Kivu hupikwa katika nyumba za ghorofa za Marekani baada ya zamu ya usiku. Chakula kimehama pamoja nasi. Jasho lililokisindikiza limebaki nyuma.

Mgonjwa akifika kliniki, mtaalamu wa lishe humwonyesha picha ya sahani iliyogawanywa: nusu mboga, robo wanga, robo protini. Picha hiyo ni nzuri, na elimu iliyo nyuma yake ni ya kweli. Lakini imechukulia kwamba kila mlaji ana sahani yake. Katika nyumba nyingi za Waswahili na Waomani, chakula cha sikukuu, cha arusi na cha msiba huliwa katika sinia. Sinia halina robo. Wali ndio ardhi yake, nyama au samaki amelala juu, kila mmoja hula upande wake, na hakuna ajuaye kwa hakika amekula kiasi gani. Mgonjwa akirudi kliniki sukari ikiwa imepanda, huandikwa kwamba hakufuata ushauri. Kwa sentensi hiyo moja, jambo la watu saba limegeuzwa kuwa kosa la mtu mmoja.

Wazee wetu walikuwa na neno la kufaa zaidi. Mganga alimwekea mgonjwa mwiko: usile hiki, jiepushe na kile, mpaka siku fulani. Mgonjwa akiitii amri hiyo, husemwa ameshika mwiko. Nalo neno hilo hilo ndilo jina la kijiko kikubwa cha mti cha kusongea ugali na kupakulia wali. Kufanana huko sikutoi kama hoja ya isimu, ila kunasaidia kufikiri. Mwiko wa kwanza, lile katazo, hukabidhiwa mgonjwa. Mwiko wa pili, kile kijiko, aghalabu umo mkononi mwa mtu mwingine. Tuchukue mfano wa bibi mwenye kisukari anayekaa kwa mwanawe. Hapiki tena, hupikiwa. Mkazamwana ndiye apimaye mafuta na chumvi, mwana huleta halwa kwa mapenzi, na wageni humsihi aongeze tonge. Tukimwambia bibi huyu ashike mwiko ilhali mwiko haumo mkononi mwake, tumempa wajibu tukamnyima uwezo. Iko kanuni ambayo wanafalsafa huihusisha na Immanuel Kant, kwamba hapana wajibu pasipo uwezo. Ushauri mwingi wa lishe huivunja kanuni hiyo kila siku, na huivunja kwa nia njema.

Historia ya tiba inalo funzo hapa. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa uliokuwa ukiwavimbisha na kuwaua watoto wadogo. Baadaye aliuita kwa jina la Waga wenyewe, kwashiorkor. Ndilo jina lililoingia Kiswahili kama kwashiakoo. Kwa maelezo aliyopewa, lilimaanisha ugonjwa unaompata mtoto anapozaliwa mdogo wake. Madaktari walitafuta kasoro katika uji wa mahindi uliokuwa chakula cha watoto hao, na hawakukosea kuitafuta huko. Lakini jina la wenyeji lilitaja kasoro katika uhusiano: mtoto ameachishwa ziwa kwa sababu amekuja mwingine, na nafasi yake mkononi mwa mlishaji imepungua. Uji na uhusiano, vyote viwili ni lishe. Anayepima kimoja tu amepima nusu.

Ushahidi wa karibuni zaidi waelekea upande huo huo. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwahusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja lilipewa dawa ya metformin. Jingine lilisaidiwa kurekebisha chakula, kupunguza uzito na kuushughulisha mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Ikilinganishwa na waliopewa dawa bandia, metformin ilipunguza visa vipya vya kisukari kwa asilimia 31. Mabadiliko ya maisha yalivipunguza kwa asilimia 58. Tarakimu hizi hutajwa mara nyingi kama ushindi wa nia ya mtu binafsi. Mimi nazisoma vingine. Watu wale hawakupewa karatasi wakaambiwa wajitahidi. Walipewa mshauri, masomo 16 ya ana kwa ana yaliyolegezwa kufuata hali na utamaduni wa kila mmoja, na ufuatiliaji baada ya hapo. Nia walikuwa nayo, na hawakuachwa nayo peke yao.

Hapa yafaa kusikiliza pingamizi lenye nguvu. Mtu mzima si mtoto wa kulishwa. Kumwamulia anachokula ni kumdunisha, na Kiswahili kinaijua hatari hiyo: tukisema fulani amelishwa, mara nyingi twamaanisha ameporwa hiari yake kwa dawa. Bibi aliyelea vizazi viwili ana haki ya kupendelea kijiko cha halwa kuliko miaka ya ziada isiyo na ladha. Kwa aliye ugenini, zaidi ya hayo, harufu ya tui la nazi ni sehemu ya nchi yake. Mtaalamu anayeifuta kwa mstari mmoja wa kalamu hajui alichokifuta.

Silikatai pingamizi hili. Nataka lichukuliwe kwa uzito wake wote. Hiari ya kula halwa ni hiari kweli pale tu ambapo kuikataa hakuna lawama. Mgeni anayeambiwa mara tatu, “Mbona hujala kitu?”, na anayejua kwamba kukataa kwake kutahesabiwa dharau, hakuchagua, ameshindwa. Anayeheshimu uhuru wa mgonjwa hana budi kwanza kuuondoa mkono unaousukuma uhuru huo, hata kama mkono wenyewe ni wa mapenzi.

Wala mikono hiyo haiishii jikoni. Aprili 2018 Uingereza ilianza kutoza ushuru vinywaji baridi kulingana na kiasi cha sukari, na viwanda vingi vilikuwa vimekwisha kupunguza sukari kabla ya siku hiyo kufika. Oman nayo iliweka ushuru wa asilimia 50 juu ya soda mwaka 2019. Nchini Uingereza wanywaji hawakuwa wamepata nia mpya. Aliyebadilika ni mlishaji. Na wako walishaji wa maneno pia. Sheria ya Uingereza humzuia mtu asiyesajiliwa kujiita mtaalamu wa tiba lishe, lakini cheo cha mshauri wa lishe kwa jumla hakilindwi. Yeyote aweza kukibandika mlangoni au simuni. Kiswahili chetu huwaita wote wataalamu wa lishe. Kwa hiyo anayeuziwa unga wa kuponya sukari ana haki ya kuuliza muuzaji amesajiliwa wapi.

Yatokanayo na hoja hii ni wajibu kwa pande mbili. Mtaalamu amwalike kliniki yule apikaye, aulize habari za sinia kabla ya kuchora sahani, na ajue kalenda ya mgonjwa wake. Maana atumiaye insulini akifunga Ramadhani bila kupangiwa upya dozi aweza kushukwa na sukari hadi hatarini. Nyumba nayo isimtengee mgonjwa kisahani chake pembeni, kwani kumtenga ni adhabu juu ya maradhi. Libadilishwe sinia lenyewe: wali upungue, mboga, kunde na samaki viongezeke, na maji yachukue nafasi ya soda. Hili si kwa ajili ya mgonjwa tu. Watoto na wajukuu waliolizunguka sinia hilo ndio wanaokabiliwa zaidi na ugonjwa ule ule, kwa damu na kwa mazoea. Kwa mmoja ni tiba. Kwa waliobaki ni kinga.

Kazi hiyo haina sifa nyingi. Daktari wa upasuaji hushukuriwa kwa uhai aliouokoa. Mguu ambao haukuhitaji kukatwa hauna anayeushukuru, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ungekatwa. Labda ndiyo sababu tumemwachia mgonjwa mzigo wote. Ukarimu wetu tumezoea kuupima kwa kilichobaki sinianí baada ya wote kushiba. Yafaa sasa tuupime pia kwa afya ya walioinuka.