Mkulima Hana Pensheni: Tunamkumbuka Mzee Wetu wa Rumonge



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kaka na dada katika imani. Ukurasa huu umezoea kuwakumbuka masheikh na walimu wa madrasa wanapotangulia mbele ya haki. Safari hii tunamkumbuka mkulima. Ni baba wa dada yetu mmoja tunayesoma naye hapa Bujumbura. Alifariki Rumonge, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya Magharibi, na waliokwenda kwenye taazia walirudi na mengi ya kusema. Jina lake hatuliandiki, maana familia imeomba hivyo, na Allah anamjua.

Rumonge wengi wetu tunaijua kwa michikichi yake. Huko ndiko alikozaliwa na kukua akikwea na kamba kiunoni. Mwaka 1972, machafuko yalipoanza kusini mwa nchi, alikimbia kama walivyokimbia maelfu ya watu wa Rumonge na Nyanza-Lac. Yeye alivuka ziwa hadi Kigoma akiwa kijana aliyeoa juzijuzi. Akalima mashamba ya kukodi zaidi ya miaka thelathini, akikwea michikichi ya watu wengine. Waliorudi katika miaka ya 2000, naye akiwemo, wengi walikuta mashamba yao yana wenyewe wapya. Wengine kati ya hao wenyewe wapya walikuwa wamepewa ardhi na serikali, kwa karatasi, wala hawakumpora mtu kwa mkono wao. Kesi hizo zilikuwa nyingi hata ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine mwaka 2006. Mnajua wenyewe kuna ndugu waliouana kwa ajili ya mpaka.

Mzee wetu alikuta mtu kwenye shamba la baba yake, na mtu huyo alikuwa amepanda michikichi mipya, amejenga na amezalia watoto pale. Walikaa mbele ya bashingantahe wa kilima, wakagawana nusu kwa nusu. Watoto wake wakubwa hawakupenda. Walisema ana haki ya shamba lote, na huenda walisema kweli. Jibu lake, kama alivyotuhadithia binti yake, lilikuwa kwamba anaogopa shibiri moja kuliko anavyoogopa njaa.

Shibiri hiyo mnaifahamu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Said bin Zayd (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba mwenye kuchukua shibiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Na huyo Said, ambaye ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, aliposhtakiwa na mwanamke kwa Marwan kwamba amemega ardhi yake, aliitaja hadithi hiyo akamwachia alichokidai. Mzee wetu hakusoma Sahih Muslim. Aliisikia khutba moja ya Ijumaa huko Ujiji, ikamtosha. Na yule jirani waliyegawana naye ndiye aliyefika wa kwanza na jembe siku ya mazishi.

Tunapenda kusema fulani "amestaafu". Mwalimu hustaafu, karani hustaafu, wakapewa barua na kitu kidogo cha mwezi. Mkulima anastaafu vipi? Kwa mzee huyu ilikuwa siku magoti yalipokataa kukwea. Akaitundika kamba ukutani, akawaachia vijana kazi ya juu ya mti, yeye akabaki chini na miche. Alikuwa akiotesha miche kwenye viriba nyuma ya nyumba, anaimwagilia kwa kopo, akijua vyema kwamba mchikichi unataka miaka mitatu au minne ardhini ndipo uzae. Aliyepita njia alimtania kwamba anampandia nani. Nasi tunaijua ile hadithi ya mtu ambaye Kiyama kinamsimamia na mche uko mkononi mwake, akaamrishwa aupande kama anaweza. Tunaijua pia nyingine, kwamba Muislamu hapandi mti kisha akala katika mti huo mtu, ndege au mnyama ila huandikiwa sadaka. Kunguru wa Rumonge wanakula ngazi kuliko wenye shamba. Hesabuni wenyewe.

Kuhusu zaka, kwa madhehebu yetu ya Shafi mchikichi hauingii katika mazao yanayotolewa zaka, ingawa Imam Abu Hanifa aliona kila kiotacho kina haki yake. Mzee hakuuliza madhehebu. Kila alipokamua, bidoni moja lilikwenda kwa mafukara.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi tuliopo hapa chuoni.

Dada yetu alisomeshwa kwa mawese. Wengi wenu mmesomeshwa kwa mawese, kwa kahawa, kwa mpunga wa Imbo. Mkulima anapodaiwa ada na mavuno bado, wanunuzi humjia wakanunua ngazi zikiwa bado changa juu ya mti, kwa bei ya kuonea huruma. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonesha kukomaa. Lakini alipofika Madina na kuwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili mbele, kama alivyopokea Ibn Abbas (r.a.), aliwaruhusu kwa sharti kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam. Mzee aliuza hivyo: bidoni kadhaa za lita 20, mwezi fulani, fedha zote mkononi siku ya makubaliano. Kila kitu aliandika kwenye daftari la shule la mwanawe lenye kurasa zilizobaki.

Alipokufa, daftari lilionesha kuwa mama mmoja mfanyabiashara wa sokoni anadai bidoni mbili. Mama yule hakuwa amesema neno kwenye msiba, aliona haya. Bidoni hizo zililipwa kabla ya siku ya tatu, na hili limetufurahisha kuliko hotuba zote zilizotolewa pale. Mtume (s.a.w.) aliwahi kujizuia kumswalia maiti aliyekuwa na deni mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba. Nani kati yetu, akienda kwenye hitima ya baba yake, huuliza madeni kabla ya kuuliza pilau?

Baada ya deni, ndipo mirathi. Na hapa bado hakujatulia.

Marhum ameacha mjane, wavulana wawili na wasichana watatu, na shamba lenye michikichi 160. Kwa mila za kwetu msichana harithi ardhi. Kaka zake wanasema jambo ambalo masikioni linakaa vizuri: huyu mdogo tumemsomesha, chuo ndio urithi wake, na wale wawili wameolewa. Wanasema hivyo huku wanaswali tano.

Ndugu zangu, ada aliyolipa baba akiwa hai ni jukumu lake na hisani yake, haikatwi kwenye mirathi. Ndoa ya binti haiondoi fungu lake. Allah (s.w.) katika Surat An-Nisaa ameeleza kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi, kisha akayapanga mafungu yenyewe, na akayaita mipaka yake, na akawaonya wenye kuivuka kwa moto. Hesabu ya shamba hili wala si ngumu. Mjane ana thumuni, yaani moja ya nane, kwa kuwa kuna watoto. Saba za nane zilizobaki ni za watoto, mvulana mafungu mawili na msichana moja, nayo yanatimia saba barabara. Basi mama michikichi 20, kila binti 20, kila mvulana 40. Miti haizai sawa, kwa hiyo wenye ujuzi wa shamba waithaminishe. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Kuna mlango mwingine wanaoupitia watu, nao ni ule wa "dada ametusamehe". Amesamehe nini, ikiwa hajaambiwa fungu lake ni kiasi gani? Amesamehe vipi mbele ya wazee kumi, akiogopa kwamba akisema hapana hatapokewa tena nyumbani siku ya idi? Kusamehe kwa haya na kwa hofu si ridhaa. Kwanza apewe, liwe mkononi mwake. Akitaka kurudisha baada ya hapo, shauri lake na Mola wake.

Kaka wa chuoni, maneno haya tunakwambia wewe. Unasoma sheria, uchumi au udaktari, na likizo utarudi kilimani. Baba yako akiondoka, watu watakutazama wewe uliyesoma, na ukinyamaza, kimya chako kitahesabiwa kuwa fatwa. Mzee aliyekubali nusu ya shamba lake kwa kuogopa shibiri, je, wanawe waichukue nusu iliyobaki kwa kuwanyima dada zao, kisha wamsomee Yasini na waseme wanamkumbuka?

Familia inakutana tena na sheikh wa msikiti na bashingantahe Jumapili ijayo. Dada yetu amesema atakwenda, na daftari la baba yake analo. Nyuma ya nyumba kuna viriba ambavyo havijapandwa, na mvua ikianza miche haitasubiri kikao.

Ewe Mola wetu, mghufirie mzee wetu, lipanue kaburi lake, mbadilishie nyumba iliyo bora kuliko nyumba yake. Wape wanawe moyo wa kuigawa haki ilivyo. Amin.